Bwaise Ilipolala Mapema

Mwishoni mwa Machi 2020, kwa sababu ya Korona, serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kutembea usiku, kuanzia saa 1:00 jioni hadi saa 12:30 asubuhi, na Bwaise, mtaa usiokuwa na desturi ya kulala, ukalazimika kulala. Mabaa yalikuwa yameshafungwa siku kadhaa kabla. Bodaboda zilikwisha kukatazwa kubeba abiria. Kilichobaki usiku kilikuwa mbwa, vyura na mvua.

Anayeijua Kampala anajua uzito wa jambo hilo. Bwaise iko kaskazini mwa jiji, katika tarafa ya Kawempe, pale Barabara ya Bombo inapokutana na barabara kuu ya mchepuo. Ni bondeni: maji ya vilima vya jirani huteremka huko yakielekea kinamasi cha Lubigi, na mvua kubwa ikinyesha usiku watu huamka kupandisha magodoro na magunia juu ya meza. Usiku usio wa mvua una mambo yake. Spika za baa hii hushindana na za baa ile, wauza rolex, zile chapati za mayai, hupiga mayai hadi usiku wa manane, makondakta huita abiria wa Kawempe, na kabla hakujapambazuka wachuuzi wanaotoka kuchukua ndizi na nyanya soko la Kalerwe wameshaanza kugongeana milango.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa amepanga chumba kimoja humo, katika ua wa vyumba vinavyotazamana na bomba la maji katikati. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Bukoba, na majirani walimwita Mwalimu tu. Kuta za vyumba vile ziliishia chini ya paa. Kati ya tofali la mwisho na bati palibaki uwazi, na kupitia uwazi huo kila mpangaji alijua jirani yake analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, anakohoa vipi. Daktari wa usingizi hutumia mitambo ya bei kubwa kuyajua mambo hayo.

Asubuhi, kwenye foleni ya bomba, salamu zilifuatwa na neno moja: nimechoka. Alisema dereva wa bodaboda, akasema fundi cherehani, akasema mzee mwenye nyumba, akasema na Mwalimu. Mshtakiwa alikuwa mmoja kwa wote, muziki wa baa. Kufungwa kwa mabaa kukamwondoa mshtakiwa huyo ndani ya siku moja. Wiki chache baadaye, watu waliokuwa wakilalamika kwa sauti moja walianza kutofautiana, na hapo ndipo Mwalimu alipopata somo ambalo hakulipata chuoni: mwenye usingizi na mwenye uchovu ni wagonjwa wawili, hata wakitumia neno lile lile.

Wa kwanza kupata nafuu alikuwa kijana wa bodaboda wa chumba cha mwisho. Kabla ya marufuku alifanya kazi usiku kucha kwenye steji karibu na mzunguko wa Bwaise, akarudi kulala jua likichomoza. Lakini chumba cha bati mchana huchemka, watoto hucheza mlangoni, redio tatu huimba nyimbo tatu. Alikuwa akipata saa tatu au nne za vipande vipande, kisha anaondoka tena. Matokeo yake alisinzia popote. Ukimpa kiti, kidevu kinashuka. Alisinzia akisubiri chai ichemke, alisinzia kinyozi akiwa kichwani mwake. Siku moja Mwalimu alipanda nyuma yake kuelekea Kalerwe, akahisi pikipiki ikivuta taratibu upande wa mfereji. Akamgonga begani kwa nguvu. Kijana alishtuka, akanyoosha usukani, akasema, “Pole ssebo, barabara nilikuwa naiona.”

Na huenda macho yake yalikuwa wazi kweli. Ubongo ulionyimwa usingizi hujikatia vipande vya sekunde chache bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na mtu asiweze hata kukumbuka kwamba alitoweka. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde tatu ni mita 33. Katika barabara ya Bombo, mita 33 zinatosha kwa mama mwenye mtoto mgongoni kuvuka.

Huo ndio usingizi kwa maana halisi: mwili unadai kulala, na ukipewa nafasi unalala papo hapo. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zurich alieleza kwamba nguvu mbili ndizo zinazoutawala. Ya kwanza ni deni linaloongezeka kila saa mtu anayokaa macho, na mojawapo ya kemikali zinazohusika na deni hilo ni adenosini, ambayo hujikusanya ubongoni mchana na kupungua tunapolala. Kahawa na chai ya rangi huziba mahali ambapo adenosini ingeshika. Deni lenyewe haziligusi. Nguvu ya pili ni saa ya ndani ya mwili, inayofuata mwanga wa jua, na ndiyo inayomtesa anayejaribu kulala saa nne asubuhi. Kijana wa bodaboda alikuwa akipigana na zote mbili.

Marufuku ilipokuja, siku za mwanzo alilala hadi adhuhuri. Baadaye akaanza kuamka mwenyewe kabla ya adhana ya alfajiri. Maisha yalikuwa magumu kuliko awali, maana pikipiki ilisimama na unga ulikuwa wa kugawana, lakini kusinzia kulikwisha. Dawa yake ilikuwa usiku mzima wa kulala, basi. Hakuna vitamini wala sindano ambayo ingefanya kazi hiyo.

Hapa pana jambo la hatari ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo baadhi ya watu walilazwa saa sita tu kila usiku kwa siku 14. Uwezo wao wa kuwa makini ulishuka siku hadi siku, lakini wao wenyewe, walipoulizwa, walisema wana usingizi kidogo tu. Mwili huzoea hisia ya usingizi kabla haujazoea kukosa usingizi. Ndiyo maana dereva anayesema “mimi nimeshazoea” si wa kuaminiwa, hata akisema kwa moyo safi.

Fundi cherehani alikuwa kinyume kabisa. Alikuwa mama wa Kikongo aliyetoka upande wa Bukavu, akishona vitenge kwenye kibaraza cha chumba chake. Naye alikuwa na neno lake la asubuhi, ila baada ya wiki nne za ukimya wa Bwaise halikubadilika hata kidogo. “Mwalimu,” alisema, “niko nachoka mpaka ku mifupa, lakini usingizi hakuna.”

Ukimtazama kazini ungeona. Alikuwa akikanyaga cherehani hatua chache, kisha mguu unasimama juu ya chuma, mkono umeshika kitambaa chini ya sindano, anapumua. Halafu anaendelea. Kubeba jerikani moja kutoka bombani hadi mlangoni kulimfanya aketi. Lakini alipotandika mkeka mchana na kujinyoosha, macho yalibaki wazi yakitazama bati. Mwili ulikosa nguvu ya kufanya. Kulala haukuwa ukikudai. Ndani ya mkebe wa vifungo aliweka vipande vya pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni, akavitafuna siku nzima kama karanga.

Duka moja la dawa lilikuwa limempa vidonge vya malaria zaidi ya mara moja, bila kumchoma kidole kumpima. Hilo ni jambo la kawaida mno katika mitaa yetu. Mtu akisema amechoka, jibu limeshawekwa kwenye karatasi ya kaki kabla hajamaliza sentensi. Malaria kweli huchosha, na Uganda ni miongoni mwa nchi zinazobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani; ndiyo sababu ipimwe, si sababu ya kuikisia.

Aliyemsaidia alikuwa mhudumu wa afya wa zahanati ndogo, mwanamke mtu mzima asiye na haraka. Alimketisha kwenye mwanga, akamshusha ukope wa chini kwa kidole gumba. Sehemu inayotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa nyeupe, karibu na rangi ya ule udongo. Akamuuliza kuhusu hedhi: siku ngapi, vitambaa vingapi. Akamuuliza kama anakula udongo, na mama akacheka kama mtu aliyeshikwa. Kipimo cha hemoglobini hakikufika gramu 8 kwa desilita. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, na chini ya 8 upungufu huo ni mkali. Hakuwa peke yake: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 32 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Damu ndiyo inayochukua oksijeni kuipeleka kwenye misuli, na mbebaji huyo anahitaji madini ya chuma. Hedhi nzito ya kila mwezi humaliza akiba ya chuma polepole, hadi misuli ya mguu unaokanyaga cherehani ikose hewa. Hamu ya udongo nayo ni dalili inayofahamika ya upungufu wa madini hayo.

Lakini kwa nini akae kitandani kwa saa tisa na kuamka hoi? Mhudumu aliuliza swali moja zaidi: miguu ikoje usiku? Mama akamtazama kana kwamba amesomwa moyo. “Miguu inataka kutembea yenyewe,” akasema. Kila akilala, kitu kilitambaa ndani ya mashavu ya miguu, hakipoi mpaka aamke azunguke chumba. Mwalimu alikuwa amezisikia hatua hizo usiku, kupitia uwazi wa ukuta, akadhani ni mawazo ya nyumbani yanayomwamsha. Ugonjwa wa miguu isiyotulia unajulikana kwa madaktari, na upungufu wa chuma ni mojawapo ya visababishi vyake vikuu. Kwa hiyo upungufu mmoja ulikuwa ukimwibia mara mbili, mchana nguvu na usiku usingizi.

Alipewa vidonge vya chuma, akaambiwa asivinywe pamoja na chai kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa, na akaelekezwa hospitali kuchunguzwa hedhi ile. Vidonge hivyo havina haraka. Damu huchukua wiki kadhaa kupanda, na akiba ya mwili huhitaji miezi mingine ya kuendelea kumeza. Kabla ya mvua za Septemba alikuwa akimaliza gauni zima bila kusimamisha mguu, na chumbani kwake usiku kulikuwa kimya.

Mzee mwenye nyumba ndiye aliyewachanganya wote. Yeye alilala mapema hata kabla ya marufuku. Marufuku ikamwongezea saa mbili, na bado saa tano asubuhi ungemkuta amesinzia juu ya daftari la kodi, kalamu ikichora mstari kuteremka ukurasani. Hakuwa kama fundi cherehani. Nguvu za kubeba alikuwa nazo, kusinzia ndiko kulikomshinda. Tena hakuwa kama kijana wa bodaboda, maana usiku wake ulikuwa mrefu.

Ufumbuzi ulipita juu ya kuta. Mzee alikoroma kwa nguvu, kisha ghafla kukawa kimya. Kimya kile kiliendelea hadi msikilizaji akaanza kuogopa, halafu ukaja mkoromo wa kukabwa, kitanda kikalia, na mambo yakaanza upya. Mwalimu alisikiliza usiku mwingi, na aliposimulia kwa yule mhudumu alijibiwa bila kusita: huyo koo lake linafunga. Misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha mtu kwa nukta chache ili apumue, naye asubuhi hakumbuki lolote. Jambo hilo likitokea mara tano au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa tatizo, na wengine hupatwa mara thelathini. Anayeishi hivyo amelala saa nyingi kitandani bila kufika kwenye usingizi unaoburudisha. Presha ya mzee iliyokataa kushuka kwa dawa nayo ilipata maelezo, kwa kuwa ugonjwa huu huipandisha. Mashine ya kusukumia hewa puani, iliyobuniwa na Colin Sullivan kule Sydney na kutangazwa mwaka 1981, ndiyo tiba kuu, lakini bei yake haifikiwi na mwenye vyumba vya Bwaise. Mzee alianza na yaliyowezekana: kulala ubavu, kuacha waragi ya jioni, kupunguza tumbo. Yalimsaidia kiasi. Kiasi tu.

Uganda ilipaswa kuwa mwalimu wa dunia katika jambo hili la usingizi uliovunjika. Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari wa Hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa malale, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliangamiza watu wanaokadiriwa kufika robo milioni na zaidi katika Busoga na mwambao wa Ziwa Victoria. Aldo Castellani akiwa Entebbe aliviona vimelea kwenye maji ya uti wa mgongo, na David Bruce akathibitisha kwamba mbung'o ndiye mbebaji. Kila mtu alijua kwamba wagonjwa wale walilala mno. Watafiti waliowapima wagonjwa wa malale kwa mitambo miongo mingi baadaye waligundua kwamba jumla ya saa za kulala kwa siku haikuwa imeongezeka sana. Zilikuwa zimetawanyika, mchana na usiku, bila mpangilio, kwa sababu saa ya ndani imeharibiwa. Malale hutisha kwa kuvunja usingizi vipande, kama koo la mzee lilivyouvunja wake kwa njia nyingine. Anayehesabu saa za kitandani pekee hawezi kuuona ugonjwa wa yeyote kati yao.

Bado yupo Mwalimu mwenyewe. Shule zilifungwa Machi ile na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Shule ya binafsi isiyo na ada haina mshahara. Kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, alikuwa akipanda kitandani saa mbili usiku na kutoka saa moja asubuhi. Aliamka akiwa mzito, kichwa kimejaa pamba, na siku nzima hakuwahi kusinzia hata alipojaribu. Dalili hiyo ina maana. Watu wanaokosa usingizi kwa wasiwasi, wanapopimwa mchana, mara nyingi huchelewa kusinzia sawa na wanaolala vizuri au kuwazidi: wamechoka, lakini mwili uko macho ukilinda. Kulala mapema zaidi hakuwasaidii, kwa sababu usingizi wa saa sita ukitandazwa juu ya saa kumi na moja za kitandani huwa mwembamba na wenye matobo. Tiba iliyopendekezwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987 inashangaza ukiisikia kwa mara ya kwanza: punguza muda wa kitandani, amka saa ile ile kila siku, uongeze kidogo kidogo usingizi unapokomaa. Mwalimu alianza kulala saa tano usiku na kutoka nje saa kumi na moja na nusu alfajiri, akifagia ua. Usingizi ulishikamana. Wasiwasi wa pesa ulibaki mahali pake, na mhudumu yule yule alimwonya kwamba uchovu unaofuatana na kukosa hamu ya kila kitu ungeweza kuwa sonona, ambayo ina tiba yake.

Zipo aina za uchovu zilizo ngumu kuliko hizi, nazo zasemwa kwa heshima. Baada ya wimbi la pili la Korona, Juni 2021, walikuwapo vijana wenye nguvu ambao homa iliisha na uchovu ukabaki kwa miezi; walifua nguo leo wakaanguka kesho. Ripoti ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2015 kuhusu uchovu wa kudumu inaweka mambo matatu pamoja: kushuka kwa uwezo kwa zaidi ya miezi sita, hali kuwa mbaya zaidi baada ya kujitahidi, na usingizi usioburudisha. Mtu wa namna hiyo akiambiwa afanye mazoezi hadi atoke jasho, anaumizwa.

Tarehe 24 Januari 2022 shughuli za usiku ziliruhusiwa tena, na Bwaise ikarudi kwenye spika zake. Kijana wa bodaboda alirudi usiku kwa sababu usiku ndio wenye abiria. Baada ya mwezi mmoja kidevu kilikuwa kinashuka tena.

Ndugu msomaji, ukienda zahanati usiishie kusema umechoka. Mwambie mhudumu kama unasinzia ukikaa kimya, kwenye taksi iliyokwama foleni, kanisani au msikitini. Murray Johns wa Melbourne alitengeneza mwaka 1991 orodha ya hali nane za aina hiyo, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3, na jumla ikizidi 10 daktari hutakiwa kuchunguza. Au mwambie kama unalala chali mchana macho yakiwa wazi huku mikono haiinuki. Muulize anayelala karibu nawe anasikia nini usiku, ukakipeleke alichosikia. Ukiwa mwanamke mwenye hedhi nzito, omba kupimwa damu kabla ya kukubali kidonge chochote cha malaria ambayo hakuna aliyeipima. Na ukipanda bodaboda usiku ukaona kichwa cha dereva kinainama, mwombe asimame, ushuke, umlipe, na umsihi alale.